Nitafute nyumba ya kupanga Dar es Salaam kupitia dalali, au nihangaike mwenyewe?

Swali: Habari za kazi, mtaalamu. Mimi ni mhasibu, naishi Mwanza na familia yangu. Mwajiri wangu ananihamishia ofisi ya Dar es Salaam, Mikocheni, nami natakiwa kuripoti baada ya majuma matano. Mume wangu na watoto wawili watanifuata shule zikifungwa. Tunatafuta nyumba yenye vyumba viwili vya kulala, sebule, jiko na choo cha ndani, kwa kodi isiyozidi shilingi 300,000 kwa mwezi, na akiba tuliyonayo kwa ajili ya kuhama ni shilingi 2,500,000. Dalali tuliyempata Instagram anataka shilingi 20,000 za kuonyeshwa nyumba na kodi ya mwezi mmoja kama malipo yake. Tena amesema nikimtumia shilingi 100,000 leo atanishikia nyumba iliyoko Goba. Shemeji yangu anayeishi Tabata anasema madalali wote ni matapeli, tusimtumie hata mmoja. Je, tunaweza kupata nyumba bila dalali, au tutajisumbua bure?

Jibu: Dada, nianze na lile lisiloweza kusubiri: usitume hiyo shilingi 100,000. Simfahamu huyo dalali na sina sababu ya kumwita tapeli, lakini dalali hana uwezo wa kukushikia nyumba isiyo yake. Anayeweza kuishika nyumba ni mwenye nyumba peke yake, na mwenye nyumba wa Dar es Salaam, ambaye nyumba yake ikiwa wazi hupigiwa simu na madalali kadhaa kwa siku moja, kwa kawaida humpa yule anayetangulia kufika na kodi. Kwa hiyo hata dalali mwaminifu anayepokea pesa yako leo hana namna ya kutimiza alilokuahidi, na asiye mwaminifu anaweza kupokea shilingi 100,000 hizo hizo kutoka kwa watu kumi kwa picha zile zile za jiko lenye vigae vyeupe. Picha za namna hiyo, nikuambie tu, mara nyingi ni za nyumba iliyokwisha kupangishwa siku nyingi. Huachwa mtandaoni kwa kuwa zinavuta wateja, na ukifika unaambiwa kwamba ile imechukuliwa jana jioni, ila kuna nyingine nzuri zaidi mbele kidogo.

Tukishaliweka hilo pembeni, swali lako linabaki kuwa la msingi, na ili kulijibu inafaa kuelewa kwanza kwa nini madalali wapo. Sehemu kubwa ya nyumba za kupanga katika jiji hili ni mali ya watu binafsi: mstaafu aliyejenga nyumba tatu katika kiwanja kimoja, mjane anayeishi nyumba ya mbele na kupangisha ya uani, mfanyakazi wa mikoani aliyemwachia ndugu yake funguo. Ukiacha Shirika la Nyumba la Taifa, lililoanzishwa mwaka 1962 na ambalo hupangisha nyumba zake lenyewe, na Wakala wa Majengo ambao huwahudumia zaidi watumishi wa umma, hakuna mahali ambapo mtu anaweza kwenda akakuta orodha ya nyumba zote zilizo wazi katika jiji. Habari kwamba mpangaji fulani anahama mwisho wa mwezi huenda kwa mdomo: mama mwenye nyumba humwambia dalali wa mtaa, dalali huyo humwambia mwenzake wa mtaa wa pili, na kabla jua halijazama picha zimefika kwenye makundi ya WhatsApp na kurasa za watu ambao hawajawahi kulifikia geti la nyumba yenyewe. Ndiyo maana katika biashara moja unaweza kukuta madalali wawili au hata watatu, mmoja akiwa ndiye anayejuana na mwenye nyumba na mwingine akiwa ndiye aliyempata mteja. Mambo yakikamilika hugawana ile kodi yako ya mwezi mmoja. Dalali wako wa Instagram, kwa jinsi ulivyomweleza, huenda ni huyo wa upande wa mteja, na kama ni hivyo basi kuhusu nyumba hiyo ya Goba anajua yale aliyoambiwa tu.

Anayemlipa dalali, kwa hiyo, ananunua vitu vitatu: habari ya nyumba iliyo wazi, muda ambao angeupoteza akiitafuta, na njia ya kumfikia mwenye nyumba, kwani wapo wenye nyumba wasiotaka kabisa kuongea na mtu ambaye hakuletwa na wanayemjua. Vitu hivyo vina thamani na havistahili kubezwa. Kitu asichokiuza dalali, ingawa wateja wengi hudhani wamekinunua, ni uhakika. Yeye halipwi mpaka wewe utoe kodi, hivyo kila jambo linaloweza kukufanya usite, liwe ni maji yanayotoka mara moja kwa wiki au ugomvi wa mirathi kati ya watoto wa marehemu aliyejenga nyumba, kwake ni hasara. Simlaumu kwa hilo kuliko ninavyomlaumu muuza nguo wa Kariakoo asiyekuonyesha mahali palipofumuka. Lakini ni lazima ulijue tangu mwanzo, kwa sababu kazi ya kuthibitisha nyumba na mwenye nyumba inabaki kuwa yako, umlipe dalali au usimlipe.

Sasa tuzungumze pesa. Wenye nyumba wengi wa nyumba za aina unayoitaka hudai kodi ya miezi sita, baadhi hudai ya mwaka mzima, na wachache, hasa nyumba ikiwa imekaa wazi muda mrefu, hukubali miezi mitatu. Kwa kodi ya 300,000, miezi sita ni shilingi 1,800,000. Ukiongeza 300,000 za dalali umefika 2,100,000, na katika akiba yako zimebaki 400,000 za kusafirisha vyombo kutoka Mwanza, nauli za watu wanne na kuanzia maisha. Hapo umebanwa sana. Ukishusha lengo la kodi hadi 250,000, miezi sita pamoja na dalali ni 1,750,000, nawe umebakiwa na 750,000. Nakushauri hilo la pili ndilo liwe lengo lako, maana tofauti kati ya hesabu hizi mbili ni shilingi 350,000, kiasi ambacho ni kikubwa kuliko malipo ya dalali ambayo wewe na shemeji yako mnabishania.

Malipo ya dalali hutolewa mara moja tu, na uzito wake hutegemea utakaa katika nyumba hiyo muda gani. Shilingi 300,000 kwa mtu atakayekaa miaka mitatu ni kama shilingi 8,300 kwa mwezi, ambazo ni gharama ndogo kwa kuokoa majuma ya kuzunguka. Kwa mtu aliyelipa miezi mitatu kisha akahama, ni theluthi ya kodi yote aliyoitoa. Kwa sababu hiyo sioni haki katika kudai kodi ya mwezi mzima kwa mkataba wa miezi mitatu, na ukipata mwenye nyumba anayekubali miezi mitatu, mwambie dalali mapema kwamba utampa nusu ya kodi ya mwezi. Hakuna sheria inayompangia kiwango hicho. Ni mazoea, na mazoea yanazungumzika.

Kuna gharama nyingine isiyotajwa, nayo naiogopa kuliko hii ya wazi: cha juu. Mwenye nyumba amesema 270,000, dalali anakuambia 300,000. Siku ya malipo anakueleza kwamba mzee yuko safarini, kwa hiyo pesa ipitie kwake. Anampelekea mzee 1,620,000 na kubaki na 180,000 mfukoni, juu ya zile 300,000 ulizompa waziwazi. Muda wa kulipa tena ukifika, mwenye nyumba anagundua kwamba mpangaji wake yuko tayari kutoa 300,000, na sijui ni mwenye nyumba gani atakayemrudisha mpangaji wa namna hiyo kwenye 270,000. Kwa mwaka mmoja umetoa shilingi 360,000 za ziada, yaani zaidi ya malipo ya dalali yenyewe. Dawa yake haina ugomvi wowote: kiasi cha kodi ukisikie kutoka kinywani mwa mwenye nyumba, ana kwa ana au kwa simu, kabla hujatoa hata shilingi moja, na umuulize mwenye nyumba mwenyewe huku dalali anasikia. Dalali anayefanya kila hila ili usikutane na mwenye nyumba mpaka pesa iwe imetoka, huyo achana naye, hata kama nyumba imekupendeza.

Kwa upande wa sheria usitarajie ulinzi mkubwa. Sheria ya mwaka 1984 iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo kiasi cha kodi na idadi ya miezi ya malipo ya awali vimeachwa kwa makubaliano ya mwenye nyumba na mpangaji. Sheria ya Ardhi ya mwaka 1999 ina masharti yake kuhusu upangishaji, na mgogoro kati yako na mwenye nyumba unaweza kuufikisha katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Lakini baina yako na dalali mna makubaliano ya kawaida kama mengine yote, ambayo wewe ndiye utakayetakiwa kuyathibitisha. Akikupangisha nyumba ambayo hakuna aliyemruhusu kuipangisha, hapo tumeingia kwenye kujipatia fedha kwa njia ya udanganyifu, ambalo ni kosa la jinai na ni kazi ya polisi. Ila dalali mwenye laini tatu za simu na asiye na kijiwe kinachojulikana si mtu rahisi kumpata.

Je, nyumba inapatikana bila dalali? Inapatikana. Anayetafuta chumba kimoja, au chumba na sebule, katika maeneo kama Manzese, Buguruni au Mbagala hana haja kubwa ya dalali, kwa kuwa nyumba zimeshikana, watu wanajuana, na mwenye duka, mama ntilie na vijana wa kituo cha bodaboda wanajua nani anahama. Nyumba ya vyumba viwili iliyo ndani ya ukuta na geti ni ngumu zaidi kuisikia kwa majirani, lakini nayo ina watu wanaoijua: mlinzi wa geti la pili, fundi rangi au fundi umeme anayemalizia nyumba mpya, na kuliko wote, mpangaji anayehama. Huyu wa mwisho anajua siku ambazo maji hayatoki na anajua hasira za mwenye nyumba, na kwa kawaida hana sababu ya kukuficha, isipokuwa pale anapotafuta mtu wa kuchukua nafasi yake ili arejeshewe kodi ya miezi iliyobaki. Hapo msikilize kwa tahadhari. Wapigie simu leo wafanyakazi wenzako wa ofisi ya Mikocheni, waambie unatafuta nyumba ya namna gani na kwa kodi gani, maana ofisi yenye watu wengi haikosi mtu anayehama au mwenye ndugu anayepangisha. Vibao vya kwamba nyumba inapangishwa vinavyobandikwa getini navyo vinafaa kupigiwa simu, japo usishangae anayepokea akiwa dalali.

Hata hivyo sikubaliani na shemeji yako moja kwa moja. Kutafuta mwenyewe kunahitaji vitu viwili, kulifahamu eneo na kuwa na siku nyingi za kuzunguka, na kwa sasa wewe huna hata kimoja. Ungekuwa unahama kutoka Nyegezi kwenda Buzuruga hapo hapo Mwanza, ningekuambia usimlipe mtu yeyote, kwa sababu mitaa unaijua na watu wako wapo. Dar es Salaam unakuja kama mgeni, na ukishaanza kazi utabaki na Jumamosi na Jumapili tu za kutafuta. Lakini una kitu ambacho wengi wanaohamia huku hawana, nacho ni shemeji mwenyewe. Kama mume wako ataweza kubaki na watoto, omba ridhaa ya kuja majuma mawili kabla ya siku ya kuripoti, ufikie kwake Tabata, na usipange nyumba yoyote ukiwa bado Mwanza, hata utumiwe video ndefu kiasi gani. Video haina harufu ya shimo la choo lililojaa.

Ukifika, chagua mitaa kabla ya kuchagua nyumba. Panda daladala asubuhi, saa ambayo ungekuwa unakwenda kazini, kutoka kila eneo unalolifikiria mpaka Mikocheni. Goba inaonekana karibu kwenye ramani, lakini inategemea ni Goba ipi, kwani kuna sehemu ambazo kutoka lami mpaka nyumbani ni bodaboda kila siku, kwenye barabara ya vumbi inayogeuka tope wakati wa masika. Bodaboda ya shilingi 1,000 kwenda na 1,000 kurudi, kwa siku 22 za kazi, ni shilingi 44,000 kwa mwezi, na nyumba ya 250,000 imekuwa ya 294,000 kabla hujapanda hiyo daladala. Dalali akisema ni mwendo wa dakika tano kutoka barabarani, shuka kwenye bodaboda aliyokupakia, mkatembee wote.

Ukishapata mitaa miwili au mitatu inayokufaa, hapo ndipo mtafute dalali, naye awe wa mtaa huo huo. Anayetangaza nyumba kutoka Mbagala mpaka Bunju hana nyumba, ana namba za simu za madalali wenzake. Dalali wa mtaa ana kijiwe, mara nyingi karibu na kituo cha daladala au duka la vinywaji, na jina lake linajulikana kwa mjumbe wa shina; akikudanganya ana pa kutafutwa, na hilo linatosha kumfanya aseme ukweli kidogo zaidi ya mwenzake wa mtandaoni. Nenda na shemeji. Mtu anayeongea kama mwenyeji na anayejua kodi za eneo hupewa bei tofauti na mgeni anayetazama huku na huku.

Yamalizeni ya pesa kabla hamjaanza kuzunguka. Ada ya kuonyeshwa nyumba ni jambo lililozoeleka na sina ugomvi nayo, maana dalali naye ana nauli na siku yake inakwisha. Ninachokataa ni kuilipa kwa kila nyumba, kwa sababu dalali anayelipwa kila anapofungua geti hana haraka ya kukupatia nyumba. Iwe mara moja, ihusu nyumba zote atakazokuonyesha, na ukipata ikatwe kwenye malipo yake. Kisha mwandikie ujumbe wenye maneno kama haya: "Tumekubaliana nitakulipa shilingi 250,000 siku nitakayosaini mkataba na mwenye nyumba na kukabidhiwa funguo. Shilingi 20,000 nimeshakupa na zitakatwa humo. Nyumba isipopatikana, sidaiwi kingine." Akijibu "sawa", umepata ushahidi bila kuitisha kikao. Unaweza kutumia madalali wawili au watatu, ila andika pembeni nani amekuonyesha nyumba ipi na siku gani, kwa sababu kwa desturi yao anayekufikisha kwanza ndiye mwenye haki ya malipo, na nimeona wapangaji wakidaiwa na watu wawili kwa nyumba moja huku vyombo vikiwa bado juu ya gari. Na usikubali ushauri wa kumzunguka dalali, yaani akuonyeshe nyumba mchana kisha urudi jioni peke yako kwa mwenye nyumba. Kazi ameifanya, na ujira wake ni halali.

Linalofuata ni kumthibitisha mwenye nyumba, na hapa ndipo ningependa utumie muda wako mwingi kuliko kwenye kupunguza bei. Kwa nyumba ya kodi hii si kawaida mpangaji kudai kuona hati miliki, na mama wa watu anaweza kukuona huna adabu. Kuna njia za upole zaidi. Mwambie ungependa kuona ankara ya maji ya DAWASA ya mwezi uliopita ili ujue matumizi. Ankara ina jina la mteja na ina deni, na umepata mambo mawili kwa ombi moja. Nenda kwa mjumbe au ofisi ya serikali ya mtaa ukajitambulishe kama mpangaji mtarajiwa, jambo ambalo utatakiwa kulifanya hata hivyo ukishahamia, na umuulize nyumba hiyo ni ya nani na kama ina mgogoro. Unapotuma pesa kwa simu au kuiweka benki, soma jina linalotokea kabla ya kuthibitisha, na lisipofanana na lile la kwenye mkataba simamisha kila kitu mpaka upewe maelezo yanayoeleweka. Kama anayepangisha ni msimamizi au ndugu wa mwenye nyumba, zungumza na mwenye nyumba kwa simu ya video na upate idhini yake kwa maandishi. Kama mwenye nyumba alifariki, uliza nani aliteuliwa na mahakama kusimamia mirathi, na mkataba usainiwe na huyo. Mtoto mkubwa wa marehemu anaweza kuwa mkarimu na mcheshi na bado asiwe na mamlaka ya kukupangisha. Na ukiambiwa kuna nafasi nzuri katika nyumba ya Shirika la Nyumba la Taifa kupitia kwa mpangaji wake, kataa, kwani Shirika haliruhusu mpangaji wake kumpangisha mtu mwingine, na wewe ndiye utakayekutwa ndani siku ya ukaguzi.

Nyumba yenyewe ikague mara mbili, mchana na usiku, na mara ya pili dalali asiwepo. Usiku utasikia kama jirani ni baa au ukumbi wa sherehe. Fungua bomba lililo chini kabisa uwanjani, si lile la jikoni linalotoka kwenye tangi, ndipo utajua kama maji ya mamlaka yanafika, na kama ni ya kisima yaonje, maana visima vingi vya Dar es Salaam vina chumvi na utajikuta unanunua maji ya kunywa na ya kupikia. Tazama kuta za nje kwa usawa wa goti: rangi iliyopakwa upya sehemu ya chini tu, au mstari hafifu wa kahawia, ni alama kwamba maji ya mvua yamewahi kuingia. Jiji hili lina masika na vuli, na nyumba inayoonyeshwa Agosti huwa kavu hata kama iko bondeni.

LUKU nayo inahitaji sentensi zake. Hakikisha nyumba ina mita yake, haichangii na nyumba ya mbele, kisha nunua umeme wa shilingi 2,000 kwa namba ya mita hiyo kabla hujasaini chochote. Tangu Julai 2021 kodi ya jengo hukatwa kupitia LUKU, na tangu mwaka 2023 ni shilingi 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida; mita isiponunuliwa umeme kwa miezi kadhaa, makato hayo hujilimbikiza na kumsubiri atakayenunua kwanza, ambaye ni wewe. Kisheria mzigo huo ni wa mwenye jengo, hivyo semezaneni mapema ikiwa atakurudishia au atapunguza kwenye kodi, na mliandike.

Mkataba uwe wa maandishi, wenye jina kamili la mwenye nyumba na namba ya kitambulisho chake, kiasi cha kodi, muda, taarifa ya miezi mingapi kabla ya kuhama au kuondolewa, nani analipa gari la kunyonya choo, na kama kodi inaweza kupandishwa kabla muda haujaisha. Saini mbele ya shahidi wa kila upande. Shemeji atakufaa, na ofisi ya serikali ya mtaa ikigonga muhuri ni bora zaidi. Dalali anaweza kuwa shahidi pia, lakini jina lake lisionekane mahali pa anayepokea kodi. Lipa kwa benki au simu, uandikiwe stakabadhi, pokea funguo, jaribu kila kufuli, ndipo umlipe dalali kile mlichokubaliana, naye pia akuandikie kwamba amepokea. Muda wa kwanza ukiisha na ukaamua kuendelea kukaa, unazungumza na mwenye nyumba moja kwa moja. Wapo madalali wanaorudi kudai malipo mapya wakati huo, lakini wewe hudaiwi nao chochote.